Nyumba kongwe ya Tanga: nimpateje fundi umeme mwenye ujuzi na anayeaminika?

MwanaChumbageni, Tanga

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Naomba ushauri kuhusu namna ya kumpata fundi umeme mwenye ujuzi wa kweli, ambaye ninaweza kumwachia nyumba bila ya wasiwasi, kwa sababu waliofika kwangu hadi sasa wamenipa majibu yanayopingana kabisa.

Nyumba yenyewe ni ya familia, ipo Chumbageni, ilijengwa katika miaka ya 1970, na baadaye vikaongezwa vyumba viwili vya uani. Umeme ni wa fezi moja na mita ni ya LUKU, ya kulipia kabla. Ubao wa zamani wa fyuzi uliondolewa, na mahali pake pakawekwa saketi breka pamoja na kile kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T, ambacho hukata umeme unapovuja. Nyaya za nyumba kubwa ni nyekundu na nyeusi, ilhali za vyumba vya uani ni za kahawia na buluu. Mvua kubwa ikinyesha, kifaa hicho hujikata na hakikubali kuwashwa mpaka jua liwake tena. Friji ikiguswa na mtu aliye pekupeku, humpiga kidogo mkononi. Hita ya maji ya bafuni ikiwashwa, taa za sebuleni hufifia, na swichi yake hupata joto hadi harufu ya plastiki ikasikika.

Fundi wa kwanza alipita vyumbani akitazama dari, akasema nyaya zote zing'olewe, akapiga hesabu ya pointi papo hapo na kudai nusu ya fedha kabla ya kuondoka. Wa pili, aliyeletwa na jirani na kujitambulisha kuwa ni mtu wa TANESCO, shirika la umeme, alisema nyaya ni nzima na kwamba kinachosumbua ni kile kifaa cha kukata umeme, hivyo akitoe na kuunganisha moja kwa moja. Nimewakatalia wote wawili, na hita nimeizima.

Maswali yangu ni haya. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, na leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ni kitu kimoja, au kimoja hakitoshi bila ya kingine? Mtu asiyejua umeme, kama mimi, atamtambuaje fundi stadi kabla ya kazi kuanza, na si baada ya nyumba kuungua? Na fedha zilipwe kwa utaratibu gani?

FundiMstaafu, Morogoro

Ndugu MwanaChumbageni, umefanya vyema kuwakatalia, hasa huyo wa pili. Kifaa anachotaka kukitoa ndicho kitu pekee katika ubao wako kinacholinda uhai wa mtu. Saketi breka ya kawaida hulinda waya: ikiwa imeandikwa ampea 20, itakaa kimya kwa muda wote ambao umeme mdogo kuliko huo unapita, ilhali binadamu anaweza kuuawa na umeme usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Kifaa chenye kitufe cha T, ambacho mafundi hukiita RCCB au RCD, hulinganisha umeme unaokwenda kwa fezi na ule unaorudi kwa nyutro, na tofauti baina yake ikifika kiwango kilichoandikwa usoni pake, ambacho kwa nyumba za kuishi huwa miliampea 30, hukata umeme wote. Kinapojikata wakati wa mvua, kinakuarifu kwamba kuna mahali maji yameingia na umeme unapita pasipostahili. Katika nyumba ya pwani yenye umri huo, mimi ningeanza kutafuta kwenye taa za nje, soketi za barazani, maboksi ya maungio yaliyo darini chini ya bati linalovuja, na bomba la nyaya linalokwenda uani. Hewa ya chumvi nayo hula skrubu na vibano polepole, na ungio ambalo bara lingedumu, Tanga hulegea na kupata joto.

Kuhusu kumtambua fundi, tazama anachofanya kabla ya kutaja bei. Hakuna fundi anayeweza kukuambia ung'oe nyaya, wala kwamba uziache, kwa kutazama dari, kwa sababu uzima wa waya hauonekani kwa macho, hupimwa. Chombo cha kuupimia tunakiita mega. Fundi huzima swichi kuu, huchomoa vifaa vyote, hutoa balbu, kisha hupeleka volti 500 za mkondo mnyoofu kati ya nyaya na ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, ili kuona kama plastiki inayozifunika bado inazuia umeme. Kwa nyumba ya volti 230, usomaji ulio chini ya megaomu 1 haukubaliki, na waya ulio mzima kwa kawaida hutoa namba iliyo juu mno ya hapo. Hupima saketi moja baada ya nyingine, ndipo anapoweza kusema kwamba taa za mbele ni nzima, soketi za jikoni ni nzima, na waya wa uani umekufa. Inawezekana fundi wako wa kwanza yuko sahihi, kwani plastiki ya nusu karne iliyopikwa na joto la bati hukakamaa na kupasuka. Inawezekana pia kwamba ni saketi moja tu inayohitaji waya mpya. Yeye hakuwa na njia ya kujua, na bado alitaja bei. Fundi anayekuja na bisibisi ya tesa yenye kitaa na roli moja ya tepu peke yake, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, hawezi kukagua nyumba kongwe.

Friji inayopiga ni dalili kwamba ethi imekatika au haikuwapo. Katika nyumba za umri huo mara nyingi waya wa ethi upo kwenye soketi, lakini kibano kilichoushika kwenye fimbo iliyozikwa nje kimeliwa na kutu, au mtu aliyejenga kibaraza aliukata akidhani ni waya usio na kazi. Fundi anapaswa kuhakikisha kwamba waya huo haukukatika kutoka kila soketi hadi ubaoni, kisha apime ukinzani wa fimbo ardhini. Akipendekeza kuufunga kwenye bomba la maji, mwambie ahsante na umfungulie mlango, kwa kuwa mabomba mengi siku hizi ni ya plastiki na ethi hiyo haifiki popote.

Hita ni hesabu tu. Hizi za kuogea zinazochemsha maji papo kwa papo huwa na wati 5,000 hivi. Gawanya kwa volti 230 na unapata karibu ampea 22. Waya wa milimita za mraba 2.5 uliopita ndani ya bomba la ukutani uko ukingoni mwa uwezo wake kwa mzigo huo, na ukiwa umeungwa pamoja na saketi nyingine, joto na kufifia kwa taa havishangazi. Hita inataka waya wake yenyewe wa 4 au wa 6 kutoka ubaoni, breka yake, na swichi inayokata fezi na nyutro kwa pamoja. Endelea kuizima.

Nyaya zako za rangi mbili tofauti nazo ni mtihani mzuri kwa fundi. Katika mfumo wa zamani nyekundu ni fezi, nyeusi ni nyutro na kijani ni ethi. Katika mfumo wa sasa kahawia ni fezi, buluu ni nyutro, na ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Mbaya zaidi, katika nyaya mpya za fezi tatu, nyeusi ni fezi. Fundi makini haamini rangi, hasa mahali ambapo nyumba ya zamani imeungwa na majengo mapya. Hupima kwanza, ndipo anagusa.

Sasa vyeti. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha na kutahini. Cheti chake kinaonyesha kwamba mtu amejifunza umeme wa majumbani hadi ngazi fulani. EWURA hutoa leseni ya kufanya kazi hiyo kwa umma, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na leseni hizo zina madaraja yanayotajwa kwa herufi, kila daraja likiwa na mipaka yake. Kwa nyumba yako huhitaji daraja la juu la mitambo na viwanda. Omba cheti na leseni vyote viwili, soma jina, daraja na tarehe ya kumalizika, ulinganishe jina na kitambulisho chake cha taifa, kisha uulize EWURA kama leseni hiyo ipo hai. Usiridhike na leseni ya kampuni iliyobandikwa ukutani ilhali anayepanda darini kwako ni kijana mwingine.

Huyo "mtu wa TANESCO" anafanana sana na wale tunaowaita vishoka, yaani matapeli wanaojifanya watumishi wa shirika. Shirika hushughulikia miundombinu yake hadi kwenye mita. Nyaya za ndani baada ya mita ni mali yako na jukumu lako. Mtumishi wa kweli ana kitambulisho, na malipo ya shirika hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kamwe si mkononi wala kwa simu ya mtu binafsi. Ukiwa na shaka, piga 180 uulize. Na kwa vyovyote vile, asikate mtu lakiri ya mita yako, kwa sababu atakayeulizwa baadaye ni wewe mwenye nyumba.

MamaWapangaji, Dodoma

Mzee wetu wa Morogoro amelieleza suala la umeme wenyewe kwa namna ambayo siwezi kuongeza kitu. Mimi ninamiliki nyumba za kupangisha, na mafundi nimewaajiri wa kila aina, kwa hiyo nitasema kuhusu watu na fedha.

Ninapomtafuta fundi katika mji, huanzia chuo cha VETA cha mkoa huo, na Tanga kipo. Siulizi wanafunzi, huwauliza walimu wa karakana ya umeme ni nani kati ya waliowafundisha anafanya kazi mjini na amekwisha chukua leseni. Mwalimu ana jina lake la kulinda, na hawezi kukupa mtu atakayemwaibisha. Kisha huomba kupelekwa kwenye nyumba ambayo fundi huyo aliifanyia kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita, si ile ya juzi, kwa sababu kazi mbovu ya umeme huchelewa kujionyesha. Nikifika, simwulizi mwenye nyumba kama fundi ni mzuri, maana kila mtu husema ndiyo kwa kumsitiri mwenziwe. Humwuliza: baada ya kazi kwisha na kulipwa, ulimwita tena, na alikuja?

Kuhusu maduka ya vifaa, sikatazi kuuliza, lakini fahamu kwamba mengi yanampa fundi kitu kidogo kwa kila mteja anayemleta, na fundi naye huweka cha juu kwenye orodha. Ndiyo sababu vifaa hununua mwenyewe. Fundi huniandikia orodha kamili: waya wa ukubwa gani na mita ngapi, breka za ampea ngapi, soketi ngapi. Naipeleka duka ambalo yeye hakulitaja, nachukua risiti ya mashine ya EFD, na tunakubaliana na muuzaji mapema kwamba visivyotumika vitarudi. Tazama alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, lakini usiishie hapo, kwa kuwa alama nayo hughushiwa. Waya bandia unaouzwa sana ni wa alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja wa waya: ukiona weupe ndani, rudisha. Roli lake pia huwa jepesi ukililinganisha na roli halisi la ukubwa uleule. Wapo pia wanaouza waya mwembamba ulioandikwa 2.5, na huo fundi mzoefu huujua akiushika tu, kwa hiyo mwambie auone kabla ya kuupitisha kwenye bomba, si baada ya hapo.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kutenganisha malipo ya ukaguzi na malipo ya ukarabati. Fundi unayemwita "aje aangalie tu" bila ya malipo analazimika kuipata fedha yake katika kazi atakayoigundua, na mtu mwenye njaa akitafuta ubovu hakosi. Mlipe kwa ukaguzi peke yake, umwambie wazi kwamba malipo hayo ni yake hata kama kazi atapewa mwingine, na kwamba unataka matokeo kwa maandishi, saketi moja moja, pamoja na namba alizozisoma kwenye mega. Karatasi hiyo ukishakuwa nayo, unaweza kumpa fundi wa pili akakutajia bei ya kazi ileile, na hapo ndipo bei mbili zinaweza kulinganishwa. Bila ya karatasi, mmoja anakupa bei ya kubadilisha soketi tatu na mwingine bei ya kung'oa nyumba nzima, na wewe unabaki kuchagua sura.

Kwa kazi yenyewe, kwa kuwa vifaa unanunua wewe, hakuna haja ya kutoa nusu mwanzoni. Mimi hutoa kiasi cha nauli na chakula, kisha sehemu kubwa kazi ikifika kati na nikaiona, na sehemu nyingine vipimo vya mwisho vikifanyika. Lakini kwa hali yako, ambapo kasoro inatokea mvua inaponyesha, ningeweka kwenye makubaliano kwamba sehemu ya mwisho italipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita bila ya kifaa kujikata. Fundi anayeijua kazi yake atakubali ikiwa kiasi si cha kumtesa na kimeandikwa. Iandikwe pia kwamba mvua ikikawia, kuna tarehe ambayo atalipwa tu, maana si haki mtu akae mwaka mzima akingoja mawingu.

Niseme na hili, ingawa halitawapendeza wenye nyumba wenzangu. Tunalalamika kuhusu mafundi, lakini ni sisi tunaomkamua fundi bei mpaka anafika mahali ambapo njia pekee ya kupata faida ni kupunguza waya na kuacha kupima.

MtaaWaTatu, Mbagala

Nawaheshimu waliotangulia, ila natofautiana nao kuhusu leseni. Fundi wetu hapa mtaani hakupita chuo chochote. Alibeba mkoba wa zana wa mjomba wake tangu akiwa kijana, na nyumba zetu nyingi amezifanyia wairingi yeye, na hajawahi kuitwa kwa ubaya. Kwa upande mwingine, ninyi nyote mnajua kwamba wapo wakandarasi wenye leseni ambao hugonga mhuri kwenye fomu ya nyumba wasiyoifahamu hata mtaa wake, kwa sababu aliyefunga umeme ni fundi wa mtaani na mwenye leseni amelipwa kwa ajili ya saini tu. Ikiwa mhuri unanunulika, ninashindwa kuona namna leseni inavyomhakikishia ndugu yetu wa Tanga chochote. Mimi ningemwambia atafute fundi anayefahamika na majirani, mwenye familia hapo hapo, ambaye akikosea hana pa kukimbilia.

FundiMstaafu, Morogoro

Ndugu wa Mbagala, kuhusu mhuri wa kununua unasema kweli, na ni aibu yetu sisi wa fani hii. Ndiyo maana nilianza na vipimo, na leseni nikaitaja mwishoni. Lakini angalia tofauti iliyopo kati ya nyumba mpya na ukarabati. Nyumba mpya inapoombewa umeme, fomu ya mkandarasi inatakiwa na TANESCO hukagua kabla ya kuunganisha. Hata mhuri ukiwa wa kununua, kuna jicho jingine. Nyumba ambayo tayari ina umeme ikikarabatiwa, hakuna mtu anayekuja kukagua. Kazi ikifunikwa na plasta, imefunikwa. Kwa hiyo mwenye nyumba hana kinga nyingine isipokuwa karatasi ya vipimo na mtu anayeweza kuulizwa kisheria, na fundi asiye na leseni, hata awe na mkono mzuri namna gani, hawezi kuulizwa na mamlaka yoyote kuhusu kazi ambayo hakuruhusiwa kuifanya. Ikiwa nyumba ina bima ya moto, swali la nani alifunga umeme huenda nalo likaulizwa wakati mbaya.

Fundi wenu huyo, kama ni hodari kama unavyosema, mpelekeeni habari kwamba VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Hupimwa kwa kazi ya mikono, hujaziwa pale alipopungukiwa, na hupewa cheti. Wengi wanaofika huko hukuta kwamba kufunga wanajua sana, ila kupima hawakuwahi kufundishwa, kwa sababu mjomba naye hakuwa na mega. Na kuhusu majirani: jirani anaweza kukuambia kwamba fundi haibi na hachelewi. Kwamba ethi ya nyumba yake inafanya kazi, jirani hajui, wala hatajua mpaka siku itakapohitajika.

MkaaziWaLikoni, Mombasa

Hamjambo huko ng'ambo ya mpaka. Huku kwetu tabia ni hizo hizo, majina ya ofisi ndiyo tofauti. Mafundi wa stima hupewa leseni na EPRA, ambayo Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliiweka mahali pa tume iliyokuwapo kabla yake, na kuna leseni ya mtu binafsi mbali na ile ya kampuni ya ukandarasi, jambo ambalo Mzee wa Morogoro amelidokeza. Mimi huomba zote mbili kisha nathibitisha jina.

Nitaongeza moja tu ambalo halijasemwa. Msimpe kazi hii mtoto wa shangazi kwa sababu ni mtoto wa shangazi. Fundi wa kuajiriwa unaweza kumwambia apime upya mbele yako, arudie ungio lililolegea, au aondoke. Jamaa yako ukimwambia hivyo, kikao cha familia kinaitishwa, na waya unabaki vilevile. Kama ana ujuzi na leseni, basi apitie mlango uleule wa karatasi na vipimo kama wengine, na yakubaliwe hayo kabla hajashika bisibisi.

MwanaChumbageni, Tanga

Nawashukuru sana wote, pamoja na ndugu wa Mbagala, kwani hoja yake imenifanya nielewe vizuri zaidi majibu ya wengine. Nimefika chuoni, mwalimu amenitajia fundi mmoja, naye amenionyesha leseni iliyo hai. Nilipomwambia kwamba nataka kulipia ukaguzi peke yake, aliuliza kwanza kama dari lina mlango wa kupandia, na kama nyumbani kuna kompyuta au vifaa vingine vitakavyohitaji kuchomolewa kabla hajatumia mega. Swali hilo lilinipa moyo.

Naomba Mzee anisaidie kwa jambo la mwisho. Siku ya ukaguzi na siku ya kazi nitakuwapo, lakini sijui nitazame nini. Sitaki kusimama juu ya kichwa cha mtu kama askari, wala sitaki kukaa barazani nikinywa chai huku sijui kinachoendelea.

FundiMstaafu, Morogoro

Swali lake kuhusu kompyuta ni jema, kwa sababu volti 500 za mega zinaweza kuharibu vifaa vya kielektroniki vilivyosahauliwa kwenye soketi. Hata hivyo, chomoa mwenyewe kabla hajafika: televisheni, king'amuzi, chaja, taa za LED zenye kibadilishi chao, kila kitu. Friji iondoe kwenye soketi yake tangu leo kama inaendelea kupiga, mpaka ethi ya soketi hiyo ithibitishwe. Vyakula vihifadhi kwa jirani.

Siku ya ukaguzi tazama mambo machache. Kabla ya kugusa waya wowote, je, anazima swichi kuu na kuhakikisha kwamba umeme haupo? Aliyefundishwa vizuri hujaribu kipimo chake kwanza mahali anapojua kuna umeme, kisha kwenye waya anaotaka kuushika, kisha hurudi kujaribu tena pale pa kwanza, ili asidanganywe na kipimo kilichokufa betri. Je, anaandika namba zinapotoka, au anakusudia kuzikumbuka? Mwombe akusomee kila namba kwa sauti nawe uandike kwenye daftari lako pia; hilo halimkwazi fundi yeyote, na linakupa kazi ya kufanya badala ya kusimama kama askari. Je, anafungua angalau baadhi ya soketi na swichi ili kuona hali ya vibano? Anatafuta kama swichi za taa zinakata fezi au zinakata nyutro? Katika nyumba zilizounganishwa na mikono mingi, mara kwa mara hukuta taa imezimwa ilhali holda bado ina umeme, na anayebadilisha balbu hupigwa akidhani amejilinda.

Waya wa uani upimwe mara mbili ikiwezekana: siku kavu, na siku nyingine baada ya mvua. Saketi inayotoa megaomu nyingi wakati wa kiangazi na kuanguka baada ya mvua ndiyo inayokatisha kifaa chako. Kama Tanga hakunyeshi, basi atenganishe saketi zote ubaoni na kuziacha zikiwa zimewekewa alama, ili mvua ikija uweze kuziwasha moja moja na kuona ni ipi inayokiangusha kifaa. Kumbuka tu kwamba breka nyingi za majumbani hukata fezi peke yake, kwa hiyo nyutro inayogusa maji inaweza kuendelea kukiangusha kifaa hata breka ya saketi hiyo ikiwa imezimwa. Hilo huwachanganya mafundi wengi, na ndipo wanapokata tamaa na kusema kifaa ni kibovu.

Siku ya kazi, mzuie asifunike kwa plasta kabla hujapiga picha za mapito ya mabomba na maungio. Waya wa hita uone ukitoka ubaoni moja kwa moja, bila ya ungio njiani. Vipimo vya mega na ethi virudiwe vyote baada ya kazi, na namba ziandikwe kando ya zile za mwanzo. Kila breka iandikwe inahudumia nini, kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika. RCCB apime kwa chombo chake ili kuona inakata ndani ya milisekunde 300 kwa umeme wa miliampea 30. Kitufe cha T peke yake huonyesha kwamba sehemu zake za ndani zinacheza, lakini hakikuambii chochote kuhusu ethi. Hata hivyo, ukibonyeze mwenyewe kila baada ya miezi michache, mchana, baada ya kuwataarifu walio ndani, kwa sababu kifaa kisichochezwa kwa miaka huweza kukwama, hasa katika hewa ya kwenu.

Nakala moja ya karatasi ya vipimo, yenye jina lake, namba ya leseni, tarehe na saini, ibandikwe ndani ya mlango wa ubao. Fundi atakayeitwa baada ya miaka kumi ataanzia hapo.